Kabla Bloku Hazijafunika

Masika yakikatika, mafundi wa pevingi wa Dar es Salaam hawakamatiki. Watu wamechoka kukanyaga tope, gari la mtu limekwama mlangoni kwake mwenyewe, na kila mwenye akiba kidogo anasema mwaka huu uwanja lazima upate sura. Ndiyo maana nimeona leo tuizungumzie kazi hii, ambayo ndugu zetu wa Nairobi na Mombasa wanaiita kabro, na hasa tumzungumzie mtu unayemkabidhi fedha zako aifanye.

Katika pevingi, kinachobeba gari ni kile usichokiona. Bloku ni shuka tu. Kitanda ni ule udongo uliochimbwa, ukajazwa kifusi, ukashindiliwa. Fundi mwaminifu na fundi tapeli, siku ya kukabidhi, kazi zao zinafanana kabisa: mistari imenyooka, nyekundu na kijivu zimepishana vizuri, uwanja umefagiwa. Unalipa, mnapeana mikono, anaondoka. Mvua kubwa ya kwanza ndiyo inayowatenganisha, na wakati huo namba ya simu ya yule tapeli haipatikani.

Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alitumia sehemu ya kiinua mgongo chake kupanga pevingi kutoka getini hadi barazani. Mwaka haukuisha. Pale gari linapokata kona kuingia, matairi yakachora mifereji miwili, maji yakatuama humo, bloku zikaanza kucheza kama meno ya mtoto. Nilikuwepo siku alipomwita fundi mwingine akazing'oa. Chini tulikuta mchanga mwingi na udongo uleule wa zamani, wenye mizizi ya majani ndani yake. Kifusi alicholipia hakikuwahi kufika. Mwalimu yule hakupiga kelele. Alisema tu kwamba alikuwa amekaa barazani siku zote za kazi, anawapikia chai vijana, na hakujua cha kutazama.

Basi leo nataka tuseme cha kutazama. Mtu wa kawaida, bila kusomea uhandisi, anaweza kuikagua kazi hii hatua kwa hatua, mradi asingoje bloku zifunike.

Chukua uwanja wa mita 10 kwa 12. Huo ni mita za mraba 120. Bloku ya kawaida ya mstatili ina urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 10, kwa hiyo mita moja ya mraba inameza bloku 50, na uwanja wako unataka 6,000, pamoja na za ziada kidogo kwa ajili ya zitakazokatwa pembeni na zitakazovunjika. Unene wa sentimita 6 unatosha gari dogo la nyumbani. Ikiwa lori la maji au la mchanga litakuwa linaingia mara kwa mara, dai sentimita 8. Chini ya bloku kuna mchanga wa kulalia wa sentimita 3. Chini ya mchanga, kwa mahali pa gari, pawe na moramu au kifusi kizuri kilichoshindiliwa hadi kubaki na unene wa sentimita 15 hivi. Jumlisha: 6 na 3 na 15 ni 24. Maana yake, kuanzia usawa utakaokuwa uso wa juu wa bloku hadi chini ya shimo, rula lazima isome sentimita 24. Rula ya mtoto wa shule ya sentimita 30 inakutosha kujua kama umechimbiwa au umepapasiwa.

Na malori je? Sentimita 15 juu ya mita za mraba 120 ni mita za ujazo 18 za kifusi kilichokwisha kushindiliwa. Kikiwa bado kimejivimbia kwenye lori ni kingi zaidi, huenda 23 au hata zaidi. Muulize dereva lori lake linabeba ujazo gani, kisha hesabu safari. Likija lori dogo moja tu na fundi akasema kifusi kimetosha, hapo huhitaji mhandisi wa kukusomea hesabu. Yule mwalimu angehesabu malori akiwa palepale barazani na chai yake.

Kushindilia nako kuna siri zake. Kifusi hakimwagwi chote kwa mara moja kikapitishiwa kompakta juu juu. Kompakta ndogo ya sahani, ile tunayoiona mitaani, nguvu zake haziendi mbali. Kifusi kiwekwe kwa matabaka ya sentimita 10 au pungufu, kila tabaka lishindiliwe peke yake, nacho kiwe na unyevu. Chukua konzi, ukaze ngumi, ufungue. Kikishikamana bila kutoa maji, kinafaa. Kikimwagika kama vumbi, kinataka maji. Kikichuruzika, subirini kikauke. Lori litakapoleta bloku, mwombe dereva apite taratibu juu ya lile tabaka lililomalizika. Matairi yakiacha mitaro, kazi haijaisha, na bora ujue siku hiyo.

Halafu kuna mchanga. Huu ndio maficho makubwa ya kazi mbovu. Mchanga wa kulalia kazi yake ni kuzipa bloku mahali laini pa kukaa, basi. Fundi mvivu huutumia kusawazisha mabonde: pale kifusi kilipopungua anajaza mchanga sentimita 8, pale kilipozidi anaacha sentimita 1. Kwa macho yako juu pamesawazika. Lakini mchanga mnene unahama, na bloku zinaufuata. Ukiona unatofautiana unene waziwazi, mwambie arudi kwenye kifusi.

Sasa turudi kwa mtu mwenyewe. Utamjuaje kabla hata hajashika sururu?

Mimi husikiliza anauliza nini. Fundi akifika, akapima kwa hatua, akataja bei ya kila mita ya mraba kisha akaomba advansi, huyo amekuja kuuza. Fundi wa kweli huanza kwa kuuliza: gari gani litaingia hapa? Maji ya mvua yanakwenda wapi sasa hivi? Chemba za maji taka ziko wapi, na bomba la maji limepita upande gani? Udongo ni wa kichanga au mfinyanzi? Kila swali katika hayo lina gharama ndani yake. Chemba zikifunikwa leo, kesho choo kikiziba utabomoa uwanja mpya kuzitafuta. Na udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbugani wanaoufahamu sana wenzetu wa Shinyanga, na wa mashariki mwa Nairobi pia, huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Juu ya udongo wa namna hiyo sentimita 15 hazitoshi. Unachimbwa zaidi na kuondolewa, au unatibiwa. Asiyeuliza habari ya udongo amekwisha kukuambia kwamba hana mpango nao.

Kisha mwombe akuonyeshe kazi zake. Zile za wiki iliyopita mwache nazo, kwa sababu kazi ya wiki iliyopita ni nzuri kwa kila mtu. Omba iliyopitiwa na masika mawili. Nenda mwenyewe, bisha hodi, msalimu mwenye nyumba. Tazama getini na pale gari linapogeukia. Tazama kingo kama bloku zimetawanyika na kuachana. Ukienda siku ya mvua ndiyo bora, kwa sababu utaona maji yanakotuama. Muulize mwenye nyumba swali moja: palipotokea kasoro, fundi alirudi? Mtu aliyekosea akarudi kurekebisha kwangu ana thamani kuliko anayejisifu hajawahi kukosea.

Wengi mnauliza habari ya usajili. Tanzania tunayo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na makandarasi wa majengo na wa kazi za ujenzi wa kiraia wamepangwa katika madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba. Kenya wana Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, kwa sheria ya mwaka 2011. Kwa kazi kubwa, ya shule, ya kanisa, ya msikiti, ya maegesho ya hoteli, usikubali mtu asiye na namba ya usajili, na namba hiyo uithibitishe kwenye bodi yenyewe, usiridhike na karatasi aliyokuonyesha. Usajili unakupa mahali pa kulalamikia na mtu anayejulikana. Haukuhakikishii kwamba atashindilia. Nimeona kampuni zilizosajiliwa zikipanga juu ya mchanga mtupu, na nimeona kikundi cha vijana kikifanya kazi ambayo hata lori la taka halijaitikisa. Vikundi vya namna hiyo vipo, vingine vimeanzishwa kwa mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wapeni nafasi, lakini wakagueni sawasawa na wengine. Kumhurumia kijana hakumfundishi kazi. Kumwambia kwa heshima kwamba tabaka hili halijashindiliwa, arudie, kunamfundisha.

Bloku zenyewe, je? Nenda zinakofyatuliwa, usiagize kwa picha. Chukua bloku ya sentimita 6, iweke kwenye mizani ya dukani. Ikiwa imeshiba zege, inakaribia kilo 2 na robo tatu. Ikiwa nyepesi sana, ndani ina matundu, haikutetemeshwa vizuri kwenye kalibu. Gonga mbili pamoja: zilizoiva hulia kwa mlio mkali, mbichi hutoa kishindo kizito. Kwangua kona kwa msumari. Ikimumunyuka, iache hapohapo. Vunja moja, ukiruhusiwa, na uilipie. Rangi nzuri ya juu isikupumbaze, mara nyingi imo milimita chache tu.

Muulize mfyatuaji mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 unatoa bloku ngapi za namna hiyo. Zege linalostahili gari linataka mifuko 7 au 8 kwa mita ya ujazo, na hapo mfuko mmoja unatoa bloku kati ya 100 na 120. Akijisifu kwamba wake unatoa 200, amekueleza mwenyewe simenti ilikopungua. Muulize pia zilifyatuliwa lini na zilimwagiliwa siku ngapi. Zege hupimwa nguvu zake likiwa na siku 28, na siku 7 za mwanzo linahitaji kubaki na maji. Bloku zilizofyatuliwa Jumatatu zikapangwa Ijumaa zitakatika kingo chini ya matairi, na hapo hakuna wa kumlaumu isipokuwa haraka yetu.

Niseme kidogo juu ya maji, maana ndiyo yanayoleta ugomvi wa majirani. Uwanja uteremke kutoka kwenye nyumba sentimita 2 kwa kila mita. Kwa mita 12 ni sentimita 24, na hilo fundi alipange kwa kamba na pima maji kabla ya kuchimba, asilibuni wakati wa kupanga. Uso wa bloku ubaki chini ya sakafu ya nyumba yako, sentimita 15 si nyingi, la sivyo ukuta utanyonya unyevu na mvua itakutembelea sebuleni. Na maji hayo yaende kwenye mtaro, au kwenye bustani yako, yasiende kwa jirani. Nawasihi pia msifunike kila kipande cha ardhi. Mji huu tunaujua, mvua ya saa chache inatosha kulijaza bonde la Msimbazi. Kila uwanja uliofungwa kabisa unaongeza maji barabarani kwa wenzetu wanaoishi mabondeni. Bakiza ardhi chini ya mwembe na kando ya ukuta.

Tufike kwenye fedha. Hapa nitasema jambo ambalo huenda lisiwapendeze wenye nyumba wenzangu. Wizi mwingi wa kifusi huanzia kwenye mdomo wetu. Fundi anataja bei, tunamkata. Anashuka, tunamkata tena, mpaka anakubali bei ambayo hata akiwa malaika haitoshi kununua vitu vyote. Anakubali kwa sababu nyumbani kwake hakuna kitu. Halafu anatafuta mahali pa kupunguza, naye anapapata palepale usipopaona. Kwa hiyo usiulize bei ya mita peke yake. Mwambie akuandikie bloku kiasi gani, usafiri kiasi gani, kifusi, mchanga, mawe ya kingo, kukodi kompakta, ujira. Wape mafundi watatu maelezo yaleyale ya unene na kina, ulinganishe. Mmoja akiwa chini sana kuliko wenzake, usifurahi haraka. Muulize ni tabaka gani limeondoka. Labda ana kompakta yake mwenyewe, labda ana lori, atakueleza ukaelewa. Akibabaika, umejibiwa.

Malipo yafuate matabaka. Bloku na kifusi, ukiweza, lipa mwenyewe kwa muuzaji, upewe risiti kwa jina lako, vishuke kwako na vihesabiwe. Fundi mpe ujira wa kuchimba na kushindilia baada ya kuona rula na lori. Mpe wa kupanga baada ya bloku kupigwa kompakta na mchanga laini, mkavu, kufagiliwa kwenye mianya mpaka ikajaa. Wengine humimina simenti humo, na baadaye inapasuka vipande. Mawe ya kingo yawe yamesimikwa kwa zege pande zote, maana bila hayo uwanja unatawanyika wenyewe. Na fungu la mwisho, tuseme moja ya kumi, libaki kwako mpaka mvua ya kwanza kubwa ipite, iwe ya vuli au ya masika. Yote hayo yaandikwe: eneo, unene, kina, mteremko, tarehe, namna ya kulipana, na miezi ambayo atarudi kurekebisha bila malipo. Mtie saini nyote wawili, na mashahidi, na kopi za vitambulisho vya Taifa. Mali bila daftari hupotea bila habari, nalo daftari linamlinda fundi pia, kwa sababu wapo wenye nyumba wanaokabidhiwa kazi nzuri kisha wakamzungusha mtu miezi kwa chake. Na hao nao ni matapeli, tuwaite hivyo.

Zungumza na wale vijana wanaobeba toroli. Waulize jana walilipwa? Msimamizi asiyewalipa saidia fundi wake jioni, kesho yake atakuta wamebaki wawili, na hao wawili hawatakuwa na moyo wa kushindilia vizuri.

Kwenu mlio mbali, Muscat, London, Minnesota, mnaotuma fedha nyumba zijengwe huku, picha ya bloku zilizokwisha kupangwa haiwaambii chochote. Ombeni picha ya shimo likiwa na rula imesimama ndani yake. Ombeni video ya lori likimwaga, na ya kompakta ikiunguruma kwenye kila tabaka, siku ileile, siyo baadaye. Na mpeni kazi ya kusimamia mtu asiyelipwa na fundi, hata kama fundi ni mtoto wa shangazi. Undugu ni mzuri, na rula haiuharibu.

Na wewe ambaye uwanja wako umekwisha kutitia, usikate tamaa. Bloku hizi za zege zilistawi Uholanzi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika nchi ya ardhi laini na maji ya karibu, na sifa yake mojawapo ni kwamba zinang'olewa na kurudishwa. Hulazimiki kutupa kila kitu. Mwambie fundi azing'oe pale palipobonyea na mita moja kuzunguka, azipange pembeni kwa safu, achimbe mpaka rula isome 24, alete kifusi na kukishindilia mbele yako, kisha arudishe bloku zilezile. Zilizovunjika ndizo pekee za kununua. Pale gari linapokata kona, zirudishwe kwa mpangilio wa mshazari, ule unaofanana na mfupa wa samaki, kwa sababu bloku zikikaa hivyo zinashikana na msukumo wa tairi unagawanyika. Kazi ya namna hiyo, kwa eneo la getini tu, vijana wanne wenye kompakta wanaimaliza kwa siku mbili au tatu. Ianzeni sasa, kabla vuli haijaingia.